Faili Tupu Si Deni: Vijana wa Kibera na Kawangware, Jueni Haki Zenu CRB



Kijana wa Makina analipa kodi ya nyumba kila mwezi. Mwenzake wa Kawangware anachanga kwa chama kila wiki na hajawahi kuruka. Lakini wakienda kuomba pesa za kununua bodaboda, jibu ni moja: "Hatuna rekodi yako." Yaani uaminifu wa miaka yote hauhesabiki!

Tuelewe kwanza. Benki Kuu ya Kenya imezipa leseni kampuni tatu za kuweka rekodi za mikopo: TransUnion, Metropol na Creditinfo. Hizo ndizo tunaziita CRB. Wengi tunadhani CRB ni jela ya wadaiwa. Sivyo. Humo kuna aliyelipa na asiyelipa. Metropol, kwa mfano, hutoa alama kati ya 200 na 900. Ukilipa kwa wakati zinapanda, ukichelewa zinashuka. Ambaye hajawahi kukopa faili lake ni tupu, na mkopeshaji akiona tupu huogopa karibu sawa na akiona deni.

Ushauri wa mtaani ni "kopa kwa simu kidogo kidogo ujenge jina." Angalieni bei. M-Shwari, iliyoanza 2012, hukata asilimia 7.5 kwa mkopo wa siku 30. Kuiita ada hakuondoi swali la riba. Na hata kwa asiyejali riba, hiyo ni pesa nyingi kwa mtu wa kibarua.

Je, anayekwepa riba amefungiwa mlango? Hapana. Benki za Kiislamu zipo, kama Gulf African iliyofungua milango 2008. Ukichukua kitu kwa murabaha na kulipa awamu zako kwa wakati, hiyo pia ni rekodi, kwa sababu benki zote hupeleka taarifa CRB, nzuri na mbaya.

Sasa shikeni haki hizi:

✅ Ripoti yako moja kila mwaka ni bure. Iangalie kabla ya kuomba mkopo.

✅ Mkopeshaji lazima akupe notisi ya siku 30 kabla ya kupeleka jina lako kama mdaiwa sugu.

✅ Tangu Aprili 2020, deni lililo chini ya shilingi 1,000 halipelekwi CRB.

✅ Unatafuta kazi mara ya kwanza? Cheti chako cha kwanza cha CRB ni bure. Usitozwe.

✅ Ukiona deni usilolijua, lipinge kwa maandishi na uweke nakala.

Na tafadhali, usimpe rafiki laini yako wala ID yako akopee. Akitoroka, jina litakalobaki pale ni lako.

Kwa Benki Kuu na wabunge wetu tunasema hivi: kodi na michango ya chama hupitia M-Pesa kila siku, ushahidi upo. Wekeni utaratibu ambao kijana, kwa ridhaa yake na chini ya Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, ataweza kuutumia ushahidi huo. Maskini anayelipa asihesabiwe kama mtu asiyekuwepo.

Wiki hii, kila mmoja aitishe ripoti yake. Kisha mwambie na jirani.