Taa ya mipira: tupime kwanza, tulipe nyuma

Ndugu wanamemba, siku hizi koperative zingine zinanunua kamiyoneti zilizokwisha kutumika Ulaya, zenye taa ya manjano inayoonya juu ya upepo wa mipira. Ikiwaka, wengine wanaifunika na skochi, wengine wanakimbia kulipa garaji. Sisi tunaona njia zote mbili zinakula feza ya wanamemba.

Kwa motokari nyingi, ile taa inasema mambo mawili. Ikiwaka bila kupepesa, kuna mpira uliopungukiwa upepo. Ikipepesa dakika moja hivi shofere akiisha kuwasha motokari, kisha inabaki inawaka, ni mashine ya kupima yenyewe ndiyo ina shida. Mara nyingi ni kile kidude cha ndani ya gurudumu: batri yake imeisha, ao kilivunjwa na vyuma wakati wa kubadilisha mpira, ao mumeweka gurudumu la akiba lisilo nacho.

Lakini mashine mbovu haioni tena mpira laini. Kwa hiyo koperative inunue kipimo cha mkono. Kila asubuhi, mipira ikingali baridi, shofere apime yote, hata ule wa akiba, alinganishe na namba zilizoandikwa kando ya mlango wake, aandike katika kaye.

Kidude kipya kinaweza kungoja mkutano wa feza. Mpira laini chini ya mifuko ya viazi haungoje: unapata moto, unapasuka. Na juu ya ile mifuko kunakuwa watu wetu.