Nyumba Bila Kitanda Bado Ni Hema



Nikisema leo nataka kuzungumzia nyumba ndogo najua kuna watakaocheka. Tulieni. Sizungumzii nyumba ndogo za waheshimiwa. Nazungumzia nyumba za vyumba viwili, zenye kitanda, meza na sufuria ndani yake, wanazopewa watu ambao maji yamewachukulia kila kitu. Na nataka kusema wazi kwamba sisi tulio nje, pamoja na upendo wetu wote, jambo hili tumekuwa tukilikosea.

Mimi ni nesi, nafanya kazi North Carolina, Marekani. Mwishoni mwa Septemba 2024 mvua za kimbunga Helene ziliangukia milima ya magharibi ya jimbo hili. Waliodhani mafuriko ni shida ya watu wa pwani na mabondeni walishangaa kuona mito ya milimani inazoa nyumba, barabara na madaraja. Walikufa zaidi ya watu 100 katika jimbo hili peke yake, na mji wa Asheville ulikaa siku 53 bila maji ya bomba yaliyo salama kunywa. Na hii ndiyo nchi tajiri tunayoisikia.

Wiki chache baadaye tulimpokea wodini mzee mmoja, sukari imempanda vibaya. Tulimtibu, akatulia, daktari akasaini aende nyumbani. Sasa hapo ndipo kazi ya nesi inapoanza. Kabla mgonjwa hajatoka lazima tumuulize: unalala wapi, nani anakupikia, insulini utaihifadhi kwenye friji gani? Yule mzee akanitazama, akasema, "Friji, mwanangu? Nyumba yenyewe iko mtoni." Alikuwa analala ndani ya gari lake. Tukamweka wodini siku nne zaidi, si kwa sababu anaumwa, bali kwa sababu hana kitanda kingine duniani.

Miezi kadhaa baadaye alikuja kliniki, akapanda hadi wodini kutusalimia na kopo la biskuti. Mafundi wa kujitolea walikuwa wamempa kijumba. Wengi walikuja kusaidia milimani kwa namna hiyo wakati ule, wakiwemo Waamish kutoka Pennsylvania wanaojulikana kwa useremala. Nilitegemea atanionyesha picha ya nyumba. Akanionyesha picha ya droo. Droo ya meza ya pembeni mwa kitanda, dawa zimepangwa, na soksi safi. Sukari yake ilikuwa imetulia. Dawa ni zile zile. Kilichobadilika ni kwamba sasa anazo mahali pa kuziweka na mahali pa kulala.

Wamarekani wenyewe walijifunza hili kwa gharama kubwa. Baada ya Katrina, Agosti 2005, serikali yao iliwapa wahanga matrela zaidi ya laki moja. Mengi yalikuwa na hewa ya formaldehaidi iliyotoka kwenye mbao za kubandikwa kwa gundi. Kemikali hiyo hiyo ikichanganywa na maji ndiyo formalini tunayoijua mochwari. Watu wakalalamika macho, vifua na watoto kukohoa, na mwaka 2008 wataalamu wa afya wa serikali wakapima na kukiri kwamba kiwango ni kikubwa, watu wahamishwe. Wakati huo huo msanifu mmoja, Marianne Cusato, alikuwa ameshachora nyumba ya mita za mraba kama 28 tu, ya mbao, imara, yenye kibaraza mbele. Jimbo la Mississippi likajenga karibu 2,800 za namna hiyo. Na bado baadhi ya halmashauri zilizikataa, eti zitashusha hadhi ya mtaa. Kumbe dharau kwa aliyepoteza haina nchi wala rangi.

Sasa turudi kwetu. Desemba 2011 mafuriko ya Dar es Salaam yaliua zaidi ya watu 40. Familia za mabondeni zikapelekwa Mabwepande, huko juu karibu na Bunju, zikapewa viwanja na mahema. Nia ilikuwa njema, na mabondeni kweli si mahali pa kuishi. Lakini mama anayeuza samaki Kigogo, ukimpa kiwanja porini na hema, nauli ya kwenda kwenye biashara yake inamla faida yote. Ndiyo maana wako waliorudi bondeni. Tukawaita wabishi. Hivi jamani, sisi tungefanya nini?

Desemba 2023 ikaja Hanang. Tope, mawe na magogo yakashuka kutoka mlimani hadi mjini Katesh, wakafa zaidi ya watu 80. Hapa lazima niwe mkweli, zilijengwa nyumba za kudumu zaidi ya mia moja kwa ajili ya wahanga. Nampongeza aliyestahili. Maana yake ni kwamba inawezekana, na kwamba hema si amri ya Mungu.

Na sisi? Mimi nilikuwa mweka hazina wa mchango wa kikundi chetu, kwa hiyo lawama hii naianza mwenyewe. Tulikusanya nguo. Tulijaza maboksi kwenye gereji yangu, viatu vya visigino virefu vikiwemo, na suti za harusi. Usafiri peke yake ulitula dola 3,800. Mzigo ulifika baada ya miezi mitano. Binamu yangu, mwalimu huko Manyara, akampelekea mjane mmoja mwenye watoto watatu aliyekuwa amepanga chumba kitupu, wanalala juu ya mkeka na sakafu ya saruji, na Katesh mnaijua baridi yake. Yule mama alishukuru sana, kisha akamwambia binamu yangu, "Nguo sasa ninazo nyingi, mwalimu. Sina pa kuziweka."

Nilipoambiwa maneno yale nilimkumbuka yule mzee na droo yake.

Nikamwomba binamu aniulizie bei. Kitanda, godoro, neti, meza, sufuria, jiko na ndoo ya maji yenye koki, kwa fundi wa pale pale, ilikuwa kama shilingi laki tano kwa familia. Dola zetu 3,800 wakati ule zilikuwa kama milioni tisa na nusu. Fanyeni hesabu. Familia 19 zingelala kitandani, na fundi seremala, ambaye pengine naye tope lilimpitia, angepata kazi.

Wapo watakaoniambia kujenga ni kazi ya serikali, wanalipwa kodi. Ni kweli, na tuendelee kuwabana. Lakini hiyo hoja hatukuitumia tulipokuwa tunajaza maboksi. Wengine watasema wahanga watauza hivyo vitanda. Labda mmoja atauza. Akiuza kitanda ili mtoto apate dawa, huyo hajaiba, ametuonyesha kwamba hatukumpa vya kutosha. Mimi kama nesi najua kitanda si anasa. Kinyesi cha mafuriko kinakuja na kipindupindu, madimbwi yanakuja na malaria, godoro lililolowa linaota ukungu na kuharibu vifua vya watoto. Neti nayo ni rahisi zaidi kuifunga vizuri palipo na kitanda.

Kwa hiyo hoja yangu ni hii. Kwanza, tuache kusafirisha matambara. Tupeleke pesa, na kila senti itolewe hesabu hadharani, nikianza na mimi. Pili, tukichangia nyumba tuchangie iliyokamilika, vyumba viwili na kibaraza, choo, na vyombo vya ndani, ili mtu akikabidhiwa ufunguo jioni aweze kupika na kulala usiku huo huo. Tatu, iwe mahali ambapo maji hayafiki lakini riziki inafikika. Nne, hati iandikwe majina ya mume na mke, na mjane iandikwe jina lake, maana nyumba isiyo na karatasi ni mafuriko mengine yanayosubiri shemeji.

Na tano, tusiondoke mapema. Wakubwa hupiga picha na magunia ya unga wiki ya kwanza, nasi tunatuma rambirambi wiki ile ile, halafu wote kimya. Mgonjwa haruhusiwi kwa sababu muda wa kutembelea umekwisha. Anaruhusiwa pale anapokuwa na mahali pa kwenda.

Mvua zitakuja tena, hilo halina ubishi. Safari hii gereji yangu haitapokea maboksi. Atakayeleta pesa ya kitanda nitamwandikia risiti.

Naomba kuwasilisha.