Kitambaa hakipimwi kwa kibaba

Usiku wa tarehe 22 Februari 1989, jijini Los Angeles, Alice Cooper na Lita Ford walipanda jukwaani kumtangaza mshindi wa kwanza kabisa wa tuzo ya Grammy ya roki ngumu na metali. Metallica walikuwa wametumbuiza papo hapo, na wengi ukumbini walikuwa wameshawapa ushindi mioyoni mwao. Bahasha ilipofunguliwa likasomwa jina la Jethro Tull, kundi la Waingereza ambalo kiongozi wake, Ian Anderson, hupuliza filimbi akiwa amesimama kwa mguu mmoja. Wapo waliocheka wakidhani ni mzaha, wapo waliozomea. Tull wenyewe hawakuwepo. Lebo yao haikuona sababu ya kuwasafirisha kwenda kushindwa. Baadaye lebo hiyohiyo ililipia tangazo kwenye jarida la Billboard, filimbi ikiwa juu ya rundo la nondo, na utani kwamba filimbi nayo ni metali nzito.

Mwaka uliofuata waandaaji waliigawa tuzo: roki ngumu kivyake, metali kivyake. Mwaka 2012 wakaziunganisha tena. Mwaka 2014 metali ikarudishiwa kiti chake, na roki ngumu ikaambiwa ikajichanganye na roki nyingine.

Kama wenye tuzo wanahangaika kiasi hicho, hatuna haki ya kuwacheka wakusanyaji wa CD za zamani wanaokesha wakibishana kama bendi fulani ni ya glamu, ya roki ngumu au ya metali. Hata hivyo ubishi wao una kasoro moja, nayo inawagharimu fedha.

Kasoro yenyewe ni kwamba maneno hayo hayapimi kitu kimoja. Glamu ni neno la nguo. Lilipata nguvu Uingereza mwaka 1971, Marc Bolan wa T. Rex alipotokea kwenye kipindi cha Top of the Pops cha BBC akiwa na satini mwilini na vimetameta chini ya macho. Nyuma yake wakaja David Bowie, Slade, Sweet na Roxy Music. Ukiwasikiliza ukiwa umefumba macho, Slade na Roxy Music ni usiku na mchana: Slade wanapiga kelele za mashabiki wa mpira, Roxy Music wanapiga muziki wa wanafunzi wa chuo cha sanaa. Kilichowaweka kapu moja ni viatu vya kisigino kirefu na rangi ya uso. Roki ngumu, kwa upande wake, ni neno la masikio: gitaa linalokwaruza, ngoma zinazogonga kifua, mwimbaji anayepaza sauti hadi mishipa ya shingo itoke. Kuuliza kama albamu ni ya glamu au ya roki ngumu ni sawa na kuuliza kama kanga hii ni nyekundu au ni ya pamba.

Ushahidi upo kwenye wimbo mmoja. Mwaka 1973 Slade walifika namba moja Uingereza na Cum On Feel the Noize, na kila kitabu kinauita wimbo wa glamu. Miaka kumi baadaye Quiet Riot wa Los Angeles waliurudia karibu ulivyo, ukaingia katika nyimbo tano za juu Marekani na kuibeba albamu yao, Metal Health, hadi kileleni mwa chati ya Billboard. Albamu hiyo husifiwa kuwa ya kwanza ya metali kufika pale. Sauti ni ileile, kiitikio ni kilekile. Kilichobadilika ni nchi, mwaka na mavazi, basi wimbo ukahamishwa rafu.

Msomaji wa huku ana mfano wa karibu zaidi. Farrokh Bulsara alizaliwa Unguja tarehe 5 Septemba 1946, akahamia Uingereza na familia yake mwaka 1964, na dunia ikamjua kwa jina la Freddie Mercury. Mwishoni mwa 1973 bendi yake, Queen, walizunguka Uingereza wakiwatangulia jukwaani Mott the Hoople, vinara wa glamu. Mercury alikuwa akipaka kucha rangi nyeusi, na mwaka uliofuata mbunifu Zandra Rhodes akamshonea vazi jeupe lenye marinda kama mabawa. Kwa macho, hiyo ni glamu tupu. Lakini albamu zao mbili za kwanza, za 1973 na 1974, zina magitaa mazito kuliko bendi nyingi zilizojiita za metali. Wageni wanaoingia makumbusho ya Mercury pale Shangani, Unguja, yaliyofunguliwa Novemba 2019, hutazama picha za mavazi. Ni wachache wanaotoka wakiwa wamesikia uzito wa gitaa la mwenzake, Brian May.

Tena uzi hauishii hapo. Mwaka 1981 Mötley Crüe, wakati huo vijana wa Los Angeles wasiojulikana, walitoa albamu yao ya kwanza, Too Fast for Love, kwa lebo yao wenyewe ya Leathür. Mwaka uliofuata Elektra waliichukua, wakampa Roy Thomas Baker aichanganye upya. Baker ni yuleyule aliyeshiriki kutayarisha albamu za mwanzo za Queen. Toleo lake lina sauti tofauti, na wimbo mmoja, Stick to Your Guns, uliachwa nje. Kwa mkusanyaji hizo ni albamu mbili, na anayelipa bei ya ile ya kwanza akapewa ya pili ameibiwa.

Hapo ndipo ukusanyaji unapoacha kuwa porojo na kuwa kazi ya macho makali.

CD zilianza kuuzwa Japani Oktoba 1982, na Japani ndiyo Makka ya wakusanyaji hawa. CD ya huko huja na obi, ukanda wa karatasi unaozunguka kasha, uliopewa jina la mshipi wa kimono. Nakala iliyopoteza obi hushuka bei mara moja, hata kama diski inang'aa. Namba za CD za lebo ya CBS/Sony za miaka ile zilibeba bei ndani yake: 35DP maana yake yen 3,500, 32DP yen 3,200. Mwenye kujua hilo anajua pia kutambua chapa ya mapema bila kumuuliza muuzaji.

Kisha kuna pete ya ndani, ule mduara mdogo unaozunguka tundu la katikati. Tangu 1994 viwanda vilianza kuchapa hapo alama ya IFPI, shirikisho la kimataifa la kampuni za rekodi. Muuzaji akisema CD yake ni chapa ya kwanza ya 1988 na alama hiyo inaonekana, ama hajui anachouza au anajua sana. Diski zilizochapwa katika kiwanda cha PDO cha Blackburn, Uingereza, kati ya 1988 na 1993 nazo zina ugonjwa wake: nyingi hugeuka rangi ya shaba kuanzia ukingoni kwa sababu ya kemikali, na mwisho hazipigi. Mtu anaweza kutunza hazina kabatini, kumbe inaoza.

Uhaba unaopandisha bei za CD hizi ulisababishwa na pupa. Kuelekea 1990 kampuni za Marekani zilisaini kila kundi la vijana wenye nywele zilizotimka, na waliokosa mkataba walijilipia kuchapa CD mia chache za kuuza kwenye maonyesho yao. Septemba 1991 Nirvana wakatoa Nevermind, Januari ikawa namba moja, na lebo zikageuka kama upepo. Mikataba ikakatwa. Mabaki ya maghala yaliuzwa kwa bei ya kutupa, makasha yakiwa na mkato wa msumeno ubavuni ili yasirudishwe dukani kwa bei kamili. CD zile za kujilipia ndizo leo zinazouzwa kwa mamia ya dola.

Katika anguko hilo ndipo jina la dharau, metali ya nywele, liliposhika. Jina hilo lilipigwa mhuri juu ya kila mtu, wakali na walaini, hata wale ambao muziki wao ulikuwa bluzi iliyokazwa nyaya. Leo wauzaji hulibandika kwa furaha, maana linauza. Albamu ya roki ya kawaida ikiwa na picha ya mtu aliyejipaka wanja, bei hupanda kwa sababu ya wanja. Na albamu nzuri ya watu waliovaa jinzi chakavu hubaki kwenye kapu la punguzo, kwa kuwa hakuna neno la kuinadi.

Wapo wakusanyaji wanaonung'unika lebo ndogo, kama Rock Candy ya Uingereza, zinapotoa upya albamu zilizopotea, kwa kuwa nakala zao za zamani hushuka thamani. Manung'uniko hayo hayana uzito. Muziki uliofungiwa katika nakala mia tano, nyingine zikiwa zinaota shaba, umeshaanza kufa. Wana hoja pale tu wanapolalamika kwamba matoleo mengi mapya huongezwa kelele mno, hadi ngoma na gitaa vinagongana kwenye dari moja. Hapo chapa ya miaka ya themanini bado inashinda kwa masikio, si kwa sifa.

Anayetaka kuanza kukusanya, basi, aigeuze kwanza CD asome pete ya ndani. Kisha aipige nyimbo tatu kabla hajatazama jalada wala kibandiko cha muuzaji, na bei aijadili baada ya hapo.