Kinga ya Mwili si Jeshi Tu: Sitiari Iliyopitwa na Elimu

Tangu kampeni dhidi ya UKIMWI zilipoenea nchini Kenya, Kiswahili kimeieleza kinga ya mwili kwa sitiari moja kuu, nayo ni vita. Chembechembe nyeupe za damu ni askari, viini vya maradhi ni adui, mwili ni ngome. Sitiari hiyo imewafunza wengi. Hata hivyo, inaficha nusu ya ukweli, na ngozi ndiyo shahidi.

Inakadiriwa kuwa ngozi ya mtu mzima ina takriban seli T bilioni 20, karibu maradufu ya zile zilizomo katika damu. Juu ya ngozi hiyo hiyo huishi bakteria wasiohesabika, wengi wao wasio na madhara. Lau kila seli ingemwona kila mgeni kuwa adui, ngozi ingewaka usiku na mchana. Kinachoepusha balaa hilo ni kundi maalumu la seli T ambazo kazi yake ni kutuliza. Hunyonya kichocheo kinachohitajiwa na seli shambulizi ili ziongezeke, na hutoa kemikali zinazopoza uvimbe. Utafiti wa mwaka 2015 uliofanyiwa panya ulionyesha kwamba seli hizi humiminika ngozini siku za mwanzo za uhai, na hapo ngozi hujifunza kuwavumilia bakteria wake. Mwingine wa mwaka 2017 ulionyesha kuwa huzisaidia nywele kuota upya.

Zikikosekana, mwili hujila wenyewe. Shimon Sakaguchi wa Japani alizibainisha mwaka 1995. Mwaka 2001, Mary Brunkow na Fred Ramsdell wa Marekani walionyesha kuwa panya fulani wenye ngozi ya magamba walikuwa na kasoro katika jeni iitwayo FOXP3. Watoto wanaozaliwa na kasoro ya jeni hiyo hupata ukurutu mkali, kisukari na kuharisha kusikokoma. Watatu hao walitunukiwa Tuzo ya Nobel mwaka 2025. Wahenga walikwisha kunena: kikulacho ki nguoni mwako.

Hapa ndipo wanalugha wanapohusika. Mgonjwa wa soriasisi aliyefunzwa kuwa kinga ni jeshi atatafuta dawa ya "kuongeza kinga", ilhali maradhi yake yanatokana na kinga iliyopita kiasi. Sitiari imempotosha, naye ataumia. Yamkini wapo watakaodai kuwa lugha ya umma sharti iwe sahili. Ni kweli, lakini usahili haumaanishi kupotosha.

Uundaji wa istilahi nao unadai uangalifu. Katika miaka ya 1970 wanasayansi walizungumzia seli "kandamizi", dhana iliyokuja kutupwa. "Seli dhibiti" ni afadhali, ila neno hilo lina harufu ya rungu na pingu. "Seli tulizi" lingefaa zaidi, kwa kuwa linataja tendo lenyewe.

Kiswahili hakikosi taswira mbadala. Ugomvi unapozuka kijijini, huitwa mzee wa baraza. Haitwi kwa sababu ya misuli yake, bali kwa kuwa anamtambua jirani na anamtambua mwizi. Mwili una askari, na una wazee pia. Ni wajibu wa wasomi wa Kiswahili kuwapa wazee hao jina na nafasi katika vitabu vya shule na mabango ya zahanati.