Mbingu Zimekwisha Pigwa Picha?

Yako maneno yasemwayo kwa wepesi na kuua kwa wepesi huo huo. Muhula uliopita mwanafunzi wa kidato cha pili alituletea katika chumba cha walimu picha aliyoipiga uani kwao kwa kamera ya kuazima. Katikati ya giza palikuwa na doa la waridi, dogo kama ukucha wa mtoto. Doa hilo ni nebula ya Jabari, wingu la gesi na vumbi ambamo nyota huzaliwa, nalo liko mbali nasi kwa miaka ya nuru ipatayo 1,300. Mwalimu mwenzangu aliitazama, akacheka, akasema, "Darubini ya Hubble imekwisha lipiga hilo, tena vizuri kuliko wewe. Nenda kasome." Wengine wakacheka. Mimi nami, naona haya kukiri, nilitabasamu. Kijana akaikunja picha yake akaenda zake.

Kwa sababu ya tabasamu lile naandika haya, nayo yamhusu mwenzangu na wote wanenao kama yeye.

Kwanza, historia haimo upande wao. Aliyepiga picha ya kwanza ya nebula hiyo hiyo alikuwa Henry Draper, daktari wa Marekani, kwa darubini aliyoisimamisha katika shamba la jamaa yake, tarehe 30 Septemba 1880. Picha hiyo moja ilimchukua dakika 51. Mwaka 1883 Andrew Common, mhandisi wa mambo ya usafi huko Ealing karibu na London, alipiga nyingine bustanini mwake, ikaonyesha nyota ambazo jicho halikupata kuziona hata kwa darubini. Mwaka uliofuata wanazuoni wa nyota wa Uingereza wakamtunuku nishani ya dhahabu. Hapana mmoja kati ya wawili hawa aliyeajiriwa kutazama nyota.

Nitajibiwa kwamba walikuwa watu wenye mali. Nakubali, kioo cha darubini ya Common kilikuwa na upana wa sentimita 91. Lakini tazameni alivyofanya kijana wetu asiye na mali. Dunia huzunguka, na kamera iliyosimama juu ya miguu mitatu ikiachwa wazi kwa muda mrefu, nyota hugeuka vistari. Basi aliiacha wazi kwa sekunde tano tu, akafunga, akafungua tena, mara 400. Jumla yake ni kama dakika 33, pungufu ya zile za Draper. Kisha akaiamuru kompyuta izipange picha zote moja juu ya moja, nyota kwa nyota, na kutafuta wastani wake. Nuru ya nebula imo mahali pale pale katika kila picha. Chembechembe za uongo zitokazo katika kamera hurukaruka ovyo, hivyo hufutana. Picha 100 hupunguza uchafu huo hadi sehemu moja ya kumi, na picha 400 hadi sehemu moja ya ishirini. Kipeuo cha pili twakifundisha ubaoni kila mwaka, na wanafunzi hutuuliza kina faida gani. Huyu alikuja na jibu mkononi, nasi tukamcheka!

Pili, si kweli kwamba mbingu zimekwisha. Darubini kubwa huchungulia mbingu kama mtu achunguliaye nyumba kwa tundu la ufunguo: huona kwa ukali, lakini huona padogo. Galaksi ya Andromeda yapigwa picha tangu miaka ya 1880, na yamkini hakuna galaksi nyingine iliyopigwa mara nyingi kama hiyo. Walakini mwaka 2022 watu wapigao picha kwa mapenzi tu, Yann Sainty, Marcel Drechsler na Xavier Strottner, walikuta kando yake tao kubwa la oksijeni ing'aayo ambalo hapana aliyepata kuliona. Habari hiyo ikachapishwa mwaka 2023, wao pamoja na wataalamu. Darubini zao zilikuwa ndogo. Walichokuwa nacho ni subira ya kukusanya nuru usiku baada ya usiku.

Na sisi tulio juu ya ikweta tuna udhuru gani? Jabari hupita karibu na utosi wetu jioni za Januari na Februari, wakati wa kiangazi. Twaziona mbingu za kaskazini na za kusini pia. Vitabu vya wageni vyatuagiza tuelekeze mtambo kwenye Nyota ya Kaskazini, ambayo kwetu imelala upeoni au imezama kabisa. Nani atawaandikia watoto wetu maelezo yawafaayo, kama si mmoja wao aliyejaribu akashindwa, akajaribu tena?

Nimemwendea kijana yule, nikamtaka radhi. Alininyamazia kidogo, kisha akaniambia kwamba picha ile aliitupa, bali zile 400 bado anazo. Ataka Januari ijayo zifike 1,000. Nimemwomba mwalimu mkuu taa kubwa iliyo nyuma ya mabweni, ambayo nusu ya nuru yake huenda juu bure, ifunikwe kofia ya bati. Ameniambia atafikiri.