Kitana cha moto si dawa, shoga!

Wiki hii tuko saluni, maana naona wengi bado wanachanganya nywele zilizochomwa kwa kitana na nywele zilizotiwa dawa. Zote zinalala, ndiyo. Lakini ngoja manyunyu!

Unywele ni nyuzi za protini iitwayo keratini, zimelala bega kwa bega. Zinashikana kwa namna tofauti. Ipo ya kuvutana tu, molekuli na jirani yake. Wenye kemia yao wanaita mvutano wa haidrojeni. Ni mingi, ila mmoja mmoja ni dhaifu. Joto au maji yanauachanisha, na unywele ukikauka unajishika upya kwa umbo lile utakaloukuta nalo. Ndiyo kazi ya rola na draya hiyo. Molekuli zenyewe hazijaguswa. Ni kama maji ya chai: yakichemka, mvuke ule ni maji yale yale, molekuli zimeachana tu.

Juzi dada mmoja kavamia saluni ninayosukia, mvua imemnyeshea, kichwa kimejikunja chote, anadai pesa yake eti dawa ilikuwa feki. Dawa ipi, bwana? Alichomwa kwa kitana! Kwa hasira akataka atiwe dawa hapo hapo, tena aachwe nayo "mpaka ishike". Fundi akagoma, nami nikampa tano.

Sababu dawa inakwenda kwenye kifungo cha kikemia chenyewe. Atomu mbili za salfa, moja ya uzi huu, nyingine ya uzi ule, zinashirikiana elektroni. Nguvu yake ni zaidi ya mara kumi ya ule mvutano, kwa hiyo maji hapo hayafui dafu. Dawa kali huwa na sodiamu haidroksaidi, ile ile ya kutengenezea sabuni. Inavunja kifungo, inatoa salfa moja, na kinachobaki kinaungana kivingine. Mvua inyeshe hadi kesho, harudi mtu! Zitajikunja zile zinazoota upya tu, kama sentimita moja kwa mwezi.

Lakini dawa haichagui. Ngozi ya kichwa nayo ina protini, ukipitisha dakika zilizoandikwa kwenye kopo unaungua. Na ukirudia, paka kwenye mizizi peke yake. Kule chini vifungo vilishavunjwa. Ukipaka tena, nywele utaziokota kwenye mto.