Diski mpya isiwe mlango wa mwizi

Laptopu nyingi tunazotumia hapa Gatwekera zilianza maisha katika ofisi za ng'ambo. Zinafika Nairobi zikiwa zimechapa kazi miaka kadhaa, zinauzwa tauni, kisha zinaingia Kibera betri ikiwa imechoka kabisa. Stima ikipotea, mashine inazima ghafla. Zile diski za zamani zinazozunguka hazipendi mambo hayo, na mara nyingi ndizo za kwanza kukata roho.

Kubadilisha diski si kazi kubwa. Kwa mashine nyingi ni skrubu chache tu: unatoa ya zamani, unachomeka SSD, unafunga. Shida inaanza hapo, kwa sababu diski mpya ni tupu. Haina Windows, haina draiva, haina chochote.

Hapo ndipo wengi wetu huuziwa mbuzi kwenye gunia. Fundi anachomeka flashi iliyozunguka mtaa mzima, anaweka Windows iliyovunjwa kufuli, anazima antivirusi ili ile programu ya kuvunja kufuli ipite, halafu anakwambia, "Iko sawa bro, lakini usiwahi kuapdeti." Msee, jiulize kwa nini mlinzi amefukuzwa langoni kabla mgeni hajaingia.

Na hapa kwetu laptopu moja ni ya ploti nzima. Ikifika Juni, majirani wanakuja mmoja mmoja uwafailie ritani za KRA. Kuna wa HELB, kuna wa eCitizen, kuna anayetafuta kibarua cha mtandaoni. Nywila zote hizo zinapita kwa kibodi yako. Si ati kila Windows ya wizi imebeba virusi, lakini huna njia ya kujua ya kwako imebeba nini. Ikiwa na mwizi ndani, hatakuibia wewe peke yako.

Najua jibu linalokuja: leseni ni ghali, na sisi ni watu wa kuungaunga. Ni kweli ni ghali. Lakini kuna jambo ambalo mafundi wengi hawasemi: mara nyingi hiyo leseni ililipwa zamani. Kama laptopu ilitoka kiwandani na Windows 10 au 11, leseni yake haikai kwenye diski. Inatambuliwa kupitia madabodi. Ukibadilisha diski, weka toleo lile lile, Home kwa Home, Pro kwa Pro. Ukiulizwa namba ya leseni, chagua kwamba huna. Ukiingia mtandaoni, mashine itajitambua yenyewe. Kwa hivyo kuna watu wanaibiwa kitu ambacho tayari ni chao.

Windows safi inapatikana bure kwa tovuti ya Microsoft yenyewe. Unahitaji flashi ya GB 8, mashine ya rafiki na bando la kutosha, maana faili yenyewe inazidi GB 5. Flashi itafutwa yote, kwa hivyo toa vitu vyako kwanza.

Halafu kuna draiva, mahali ambapo wengi hukwama. Draiva ni kama dereva wa matatu: gari lipo na injini inanguruma, lakini bila yeye haliendi popote. Windows ikiwa mpya, waifai inaweza kugoma, sauti ikapotea, skrini ikawa na maandishi makubwa ajabu. Usikimbilie zile tovuti zinazoahidi draiva zote kwa mbofyo mmoja. Geuza laptopu, soma namba iliyobandikwa chini, kisha uiandike kwa tovuti ya HP, Dell, Lenovo au yeyote aliyeitengeneza. Pakua draiva ya waifai mapema na uihifadhi pembeni. Ukisahau, unganisha simu kwa waya na uwashe mtandao wa kushiriki kupitia USB. Mara nyingi Windows itaupokea, kisha iache ijiapdeti na itafute draiva nyingine yenyewe.

Na zile mashine za kitambo? Microsoft iliacha kuitunza Windows 10 kwa kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 inakataa rasmi kompyuta nyingi zilizotengenezwa kabla ya 2018. Hizo ndizo zimejaa mtaani. Badala ya kulazimisha, jaribu Linux kama Mint au Ubuntu. Ni bure, ni halali, na draiva nyingi huja nazo ndani. Unaweza hata kuijaribu kutoka kwa flashi kabla ya kugusa diski. Ubuntu ilianza 2004, na jina lake ni ndugu wa neno letu "utu". Ukweli ni kwamba programu kadhaa za Windows hazitafanya kazi humo, kwa hivyo angalia kwanza kazi yako inataka nini. Lakini kwa anayefungua kivinjari, kuandika CV na kufaili ritani, inatosha kabisa.

Mafundi wetu si maadui. Wanatafuta unga kama sisi, na kazi ya mikono yao inastahili malipo. Tunachotaka ni wauze kazi, wasituuzie kufuli zilizovunjwa. Mteja naye aulize maswali mawili kabla ya kutoa pesa: hii Windows umeitoa wapi, na antivirusi itabaki imewashwa? Fundi asiye na jibu, chukua mashine yako uende.

Vikundi vya vijana tunavyo tele, na maktaba ya taifa ina tawi papa hapa Kibera. Kila kikundi kinaweza kuchanga bando mara moja, kikaweka flashi mbili safi, moja ya Windows na moja ya Linux, na kumpa mtu mmoja jukumu la kuziapdeti. Ni gharama ndogo kuliko kueleza ploti nzima jinsi nywila zao zilivyotoka mlangoni kwako.